Matawi niliyoyaona dakika ya mwisho Vigwaza: madereva mnaotumia mafuta ya CBD, naomba tuongee

#1 Fuso la Nyanya

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Kama humu ndani yupo mtu wa macho au wa dawa, nitamshukuru zaidi.

Mimi ni dereva wa Fuso. Natoa nyanya Ilula, nashusha Ilala na Mabibo. Nina umri wa miaka 47, na 19 kati ya hiyo nimeimaliza barabarani. Kiuno kinanisumbua mwaka wa tatu sasa, na usingizi wa mchana, ule ambao dereva wa usiku ndio anaoutegemea, umekata. Hivi karibuni mpwa wangu alirudi kutoka Johannesburg akaniletea kichupa cha mafuta chenye mrija wa kudondoshea. Kimeandikwa CBD, ile kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, mililita 30, miligramu 1000, na pembeni kwa maandishi madogo wameandika kwamba THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, ni sifuri. Akaniambia, "Mjomba, hii siyo bangi ya kuvuta. Hii hailevyi, kule inauzwa dukani kama vitamini. Weka chini ya ulimi, kiuno utakisahau."

Nikaitumia siku nne nyumbani Kimara nikiwa sina safari. Kulala nililala, siwezi kusema uongo. Siku ya tano nikapata mzigo. Nilifika Msamvu saa moja usiku, nikala mbuzi wa kuchoma na ndizi, nikaweka mrija mzima chini ya ulimi, nikanyoosha mgongo nusu saa, tukaondoka.

Kuanzia Chalinze nikaanza kuona taa za magari yanayokuja zina duara la mwanga limezizunguka, kama uko kwenye ukungu, na ukungu haukuwepo. Kila lori likishapita, giza lilikuwa linakaa machoni mwangu muda mrefu kuliko nilivyozoea. Sikusinzia. Sikujisikia nimelewa. Ningesimamishwa na trafiki ningemjibu vizuri kila swali.

Kabla ya kufika mizani ya Vigwaza kulikuwa na lori limekufa, nusu liko kwenye lami, halina taa hata moja. Dereva wake alikuwa ameweka matawi kama tunavyofanya wote, kapanga kwa hatua kuja nyuma. Matawi mabichi ya mwarobaini, majani meusi juu ya lami nyeusi. Tawi la kwanza sikuliona kabisa, nilisikia linakwaruza chini ya bampa. Utingo wangu akapiga kelele, "Bosi, matawi!" La pili nililiona likiwa tayari limeingia kwenye taa zangu. Nikavuta usukani kulia. Upande wa pili hapakuwa na gari, basi, hilo ndilo lililotuokoa. Matenga mawili yalidondoka. Na nilipokuwa nalipita lile lori niliona miguu ya mtu imetokeza upande wa lami, amevaa kandambili za bluu. Dereva alikuwa amelala chini ya gari lake anapiga spana.

Zile kandambili ndizo zimenifanya niandike. Kila nikifumba macho naziona.

Swali langu ni hili: mafuta haya yanagusa macho? Yanagusa uwezo wa kuendesha? Nataka jibu la mtu anayejua. Hadithi za kijiweni nimeshazisikia.

#2 Stendi ya Mbezi

Pole sana kaka, na hongera kwa kusema. Wengi yakiwakuta wanaishia kwa utingo na kumpa hela ya soda asiseme kwa tajiri.

#3 Upepo wa Bahari

Mkuu pole, ila tusiogopeshane. Mimi ni bodaboda Sinza, natumia CBD mwaka wa pili sasa kwa ajili ya wasiwasi uliokuwa unanikaba kifua, na sijawahi kuyumba. CBD siyo THC. THC ndiyo inayolevya. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Uholanzi, watu wakapewa CBD wakaendesha barabarani kabisa, wakaonekana sawa na waliopewa kitu kisicho na dawa ndani. Kwa hiyo hapo Vigwaza kilichokuponza ni uchovu. Tusiutwike mmea wa watu mzigo usio wake.

#4 Miwani Safi

Nafanya kazi kwenye kliniki ya macho hapa Dar, acha nichangie.

Ndugu Upepo wa Bahari yuko sahihi kuhusu huo utafiti, na ni vizuri tuuseme wote badala ya nusu. Ulifanyika Maastricht na ukachapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Watu walikuwa 26. Kila mmoja kwa siku tofauti alivuta mvuke wa aina nne: wenye THC, wenye CBD, wenye vyote viwili, na mtupu. Halafu waliendesha gari halisi kwenye barabara kuu, kilomita 100, pembeni kakaa mwalimu mwenye breki zake. Walichopima ni gari linavyoyumba ndani ya mstari wake. Nyie madereva mnakijua hicho kitu hata bila mashine: mtu akianza kuchoka, gari linaanza "kuogelea".

Waliovuta CBD peke yake hawakuyumba kuliko wale wa mvuke mtupu. Waliovuta THC waliyumba zaidi, sentimita 2 na ushee kwa wastani, dakika 40 hadi 100 baada ya kuvuta. Inasikika ndogo, lakini watafiti wenyewe walisema ni sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ilipofika saa nne hadi tano baada ya kuvuta, tofauti haikuonekana tena. Na sasa jambo ambalo vijiweni halisemwi: waliovuta CBD na THC pamoja waliyumba kama wale wa THC, na kwa wastani hata kuwazidi kidogo. Ile imani kwamba CBD "inaipoza" THC, barabarani haikusaidia.

Kiasi cha CBD walichopewa kilikuwa miligramu 13.75, kwa mvuke, mara moja. Hayo ndiyo mazingira ya lile jibu zuri. Wapo pia wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sydney waliowapa watu 17 CBD ya kumeza, miligramu 15, 300, hadi 1500, wakawaweka kwenye usukani wa kompyuta. Nako kuendesha hakukuharibika. Matokeo yao yalitoka mwaka 2022.

Kwa hiyo kama chupa ya mwenye uzi ina CBD tupu, ushahidi wa usukani uko upande wa Upepo wa Bahari. Sema kuyumba kwa gari ni kitu kimoja, na kuona tawi jeusi juu ya lami nyeusi ni kitu kingine.

Ile chati ya herufi mnayosomeshwa kliniki inapima kitu cheusi kwenye ubao mweupe wenye taa. Usiku barabara ya Morogoro haiko hivyo. Pale unahitaji jicho liweze kutofautisha kitu na kilicho nyuma yake wakati rangi zinakaribiana, lipone haraka baada ya kupigwa na taa kali, na macho mawili yakubaliane kitu kiko umbali gani. Unaweza kusoma mstari wa mwisho wa chati na bado ukafeli haya matatu. Kwenye retina yenyewe kuna vipokezi ambavyo THC inavishika, ndiyo maana jicho halibaki salama mtu akivuta. Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, waliwapima watu 31 wanaovuta bangi mara mojamoja, kabla na baada ya kuvuta. Makali ya macho yalipungua, kutofautisha vitu kulipungua, kupima umbali kulipungua, hata jicho kujirekebisha kutoka mbali kuja karibu. Nikiwa mtu wa macho, kilichonitisha zaidi ni kwamba karibu theluthi moja yao walisema macho yao hayajabadilika chochote.

Hiyo ni bangi yenye THC, nasisitiza. Lakini someni tena alichoandika mwenye uzi: "Sikusinzia. Sikujisikia nimelewa."

Nikuulize maswali matatu, Fuso la Nyanya. Mara ya mwisho kupima macho ilikuwa lini? Kioo chako cha mbele kina mikwaruzo ya waipa? Na yale maduara kwenye taa, uliwahi kuyaona kabla ya kichupa?

#5 Fuso la Nyanya

Asante sana daktari. Macho nilipima wakati nachukua leseni daraja E, ni zaidi ya miaka kumi. Kioo kina mikwaruzo, ndiyo, upande wangu kuna nusu duara kabisa, mpira wa waipa uliisha tukaendelea kuitumia. Maduara... nikikumbuka vizuri nimekuwa nayaona tangu mwaka jana, ila kidogo. Usiku ule yalikuwa makubwa.

#6 Miwani Safi

Mimi siyo daktari, ni mtaalamu wa kupima macho, tusije tukachanganya. Njoo upime. Kliniki yoyote iliyo karibu nawe, siyo lazima kwetu. Na siku hiyo usiendeshe, kwa sababu watakuwekea matone ya kupanua mboni.

#7 Duka la Dawa Mbagala

Mimi ni mfamasia. Nataka kukizungumzia hicho kichupa, maana naona tunakijadili kana kwamba tunajua kilichomo.

Tuanze na hesabu. Miligramu 1000 kwenye mililita 30 ni kama miligramu 33 kwa mrija wa mililita moja. Ni kiasi kidogo, kipo karibu na kile cha chini kabisa walichopewa watu wa Sydney. Kama lebo inasema kweli, CBD ya kiasi hicho ni vigumu kuilaumu peke yake.

Ila lebo za bidhaa hizi zina historia. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD kutoka kampuni 31 wakazipeleka maabara. Zilizoandikwa kwa usahihi zilikuwa asilimia 31 tu. Nyingine zilikuwa na CBD nyingi kuliko lebo, nyingine pungufu. Na bidhaa 18 kati ya hizo 84 zilikutwa na THC ndani, nyingine hadi miligramu 6 na zaidi kwenye kila mililita. Sasa uchukue mrija mzima wa chupa ya namna hiyo. Mtu ambaye hajawahi kuvuta maisha yake amemeza THC ya kumtosha kabisa, na chupa inamwambia sifuri.

Halafu ulaji. Kaka umesema ulikula mbuzi wa kuchoma, na mbuzi wa Msamvu hachomwi bila mafuta yake. CBD inapenda mafuta. Ile dawa rasmi ya CBD, Epidiolex, ilipopimwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kilichoingia kwenye damu kilifika kama mara nne ya mtu aliyeimeza tumbo likiwa tupu. Na kilele cha dawa ya kumeza hakiji papo hapo, kinakuja saa mbili unusu hadi tano baadaye. Unaposema chini ya ulimi, sehemu kubwa unaimeza na mate. Msamvu uliweka mrija baada ya saa moja usiku. Vigwaza ulifika saa ngapi?

Tena ulishaitumia siku nne mfululizo. Mtu akiitumia kila siku haitoki upesi. Kwa Epidiolex inachukua zaidi ya siku mbili hata kupungua nusu. Kwa hiyo ule mrija wa Msamvu uliwakuta wenzake bado wako mwilini.

Na swali ambalo hakuna aliyeuliza: ulikuwa unatumia dawa gani nyingine? Kuna ya mgongo? Ya mzio? Ya usingizi?

#8 Fuso la Nyanya

Vigwaza ilikuwa kama saa nne usiku.

Dawa ya mgongo nilikuwa namaliza dozi niliyoandikiwa, vile vidonge vya kulegeza misuli. Hakuna aliyeniambia kwamba havichanganywi, na mimi sikumwambia mtu kwamba nina mafuta.

#9 Duka la Dawa Mbagala

Vidonge vya kulegeza misuli peke yake vinaleta usingizi na vinapunguza wepesi wa mwili. CBD inashughulikiwa na ini kwenye njia zilezile zinazovunja dawa nyingi, na ikikaa kwenye hizo njia, dawa ya pili inaweza kurundikana kwenye damu. Hapo umekunywa kidonge kimoja, mwili unakihesabu kama kimoja na zaidi.

Nikwambie kwa upendo, kaka yangu: siku nyingine dukani au hospitalini taja kila kitu. Hata kama ni cha magendo, hata kama ni cha aibu. Mfamasia hana pingu.

#10 Upepo wa Bahari

Hoja ya lebo naikubali, sikuwahi kuifikiria. Chupa yangu naletewa na mtu anayesafiri na mimi naamini tu.

Ila mbona kuna mzee wetu Magomeni ana presha ya macho na anasema bangi inaishusha? Hili nalo lina ukweli au tunadanganyana?

#11 Miwani Safi

Hili nimekutana nalo kliniki zaidi ya mara moja, na limenipotezea macho ya watu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Presha ya macho, glakoma, ni mgandamizo unaoua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, kuanzia pembeni. Mtu anaona vizuri mbele, anasoma, anahesabu hela, kumbe pembeni kumeshafungwa. Dereva wa namna hiyo haoni bodaboda inayotokea kushoto. Na mshipa ukifa haurudi.

THC kweli inashusha mgandamizo, kwa saa chache. Kumsaidia mgonjwa ingebidi alewe mchana na usiku maisha yake yote, wakati yapo matone ya kuweka mara moja kwa siku. Hapo ndipo mzee wa Magomeni anapopotea. Mchana mgandamizo umeshuka, usiku umepanda, na yeye amelala.

CBD ni kinyume chake kabisa. Mwaka 2006 yalichapishwa majaribio ya Aberdeen, Uskoti, kwa wagonjwa 6. Waliwekewa dawa chini ya ulimi kama mwenye uzi alivyofanya. THC ya miligramu 5 ilishusha mgandamizo baada ya saa mbili. CBD ya miligramu 20 haikufanya chochote. CBD ya miligramu 40 ilipandisha kwa muda, ilipofika saa ya nne. Wagonjwa ni wachache, lakini mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Indiana walijaribu kwa panya, wakawawekea CBD ya matone machoni, mgandamizo ukapanda kwa asilimia 18 na ukakaa juu kwa angalau saa nne.

Kwa hiyo mtu mwenye glakoma akisikia "mmea unatibu macho", akaenda kununua ile isiyolevya ili asivunje heshima, amenunua ile iliyopandisha mgandamizo. Tafadhali mwambie mzee wako arudi kwenye matone yake. Kama aliyaacha kwa sababu ya bei, aseme hospitalini, yapo ya bei nafuu.

#12 Mama Kelvin

Samahanini kwa kuingilia. Mwanangu ana kifafa, ana miaka 9, tunaishi Temeke. Kaka yangu ambaye ni dereva wa daladala ndiye aliyenitajia haya mafuta, anayatumia yeye mwenyewe kwa usingizi, akasema nimpe na mtoto kwa sababu Wazungu wanatibu kifafa nayo. Ni kweli? Mtoto anatumia dawa za hospitali na bado anaanguka mara mbili kwa wiki.

#13 Duka la Dawa Mbagala

Mama Kelvin, pole na kuuguza. Karibu, hujaingilia.

Ni kweli kwa aina chache. Epidiolex iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu cha watoto, Lennox-Gastaut na Dravet, na mwaka 2020 ikaongezwa ya tatu inayotokana na ugonjwa wa uvimbe kwenye viungo mbalimbali. Lakini ile ni dawa iliyopimwa, inatolewa kwa uzito wa mtoto, inapanda hadi miligramu 10 au 20 kwa kilo kwa siku, na ini linapimwa damu kila baada ya muda. Mtoto wa kilo 25 anaweza kuhitaji miligramu 250 na zaidi kila siku. Kichupa cha miligramu 1000 kama cha mwenye uzi hakitoshi hata wiki, na cha kaka yako hatujui kilichomo. Na kuna dawa ya kifafa inaitwa klobazamu: ikikutana na CBD, mabaki yake yanapanda sana kwenye damu na mtoto anasinzia kupita kiasi.

Tafadhali usipunguze wala usiache dawa za hospitali hata siku moja. Rudi kliniki, sema "anaanguka mara mbili kwa wiki", kwa idadi hiyohiyo, umeiandika kwenye daftari na tarehe zake.

Na mwambie kaka yako wa daladala asome uzi huu. Kusinzia ni moja ya madhara yaliyoonekana mara nyingi kwa wagonjwa waliotumia dozi kubwa za dawa hiyo. Yeye anabeba watu.

#14 Mzee wa Scania

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nimestaafu, niliendesha Dar hadi Tunduma miaka mingi. Nimewasoma wataalamu na nimejifunza. Niongeze la barabarani.

Gari likiwa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Macho yakichelewa sekunde moja tu, tawi la kwanza limeshapita chini yako. Yakichelewa mbili, uko kwenye tela la mwenzio. Sisi enzi zetu tuliwaona wa bangi na tuliwaona wa mirungi. Wa mirungi hasinzii lakini anakimbizana na vivuli. Wa bangi anaendesha taratibu, watu wanasema huyu mstaarabu, kumbe tawi haoni. Tuliwazika wa aina zote mbili.

Na matawi ni kitu cha mchana. Usiku tawi bichi ni kivuli. Weka pembetatu zile zinazong'aa, mbili nyuma, moja mbele, mbali, hatua mia. Kama huna, geuza majani upande wa chini, ule mweupe, uelekee gari linalokuja. Mwarobaini hauna upande mweupe, mwembe nao hauna. Tafuta matawi makavu, yanarudisha mwanga kidogo.

Fuso la Nyanya, mwanangu, yule utingo wako mtunze.

#15 Karani wa Kisutu

Kwa kifupi upande wa sheria, maana naona watu wanazungumza kama vile tuko Johannesburg. Bangi na vinavyotokana nayo hapa kwetu viko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kwamba Afrika Kusini inauzwa dukani hakukupi kinga Namanga, Tunduma wala uwanja wa ndege. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inapozungumzia kuendesha ukiwa umelewa, inataja pombe na inataja dawa. Haijasema "isipokuwa iliyoandikwa sifuri". Kichupa kikikutwa kwenye kabati la Fuso, atakayeulizwa ni mwenye usukani, siyo mpwa.

#16 Upepo wa Bahari

Nimekaa na huu uzi siku mbili. Bado naamini CBD yenyewe haikumtupa kaka barabarani, na wataalamu hawajasema hivyo. Lakini kwamba mimi nabeba abiria usiku nikiwa nimetumia kitu ambacho hata jina la aliyekitengeneza silijui, hapo sina jibu. Jana sikutumia. Wasiwasi ulikuja, nikapaki pikipiki pale Sinza Kumekucha nikakaa hadi ukapita. Miwani Safi, mzee wa Magomeni nimempigia.

#17 Fuso la Nyanya

Wakuu, mrejesho.

Nilikwenda kupima macho Jumanne. Nilipanda mwendokasi kutoka Kimara kama nilivyoelekezwa, gari nikaliacha. Walinisomesha chati, wakanipulizia hewa jichoni, wakaniwekea matone, nikakaa kwenye benchi nusu saa nikiona maandishi ya simu yanayeyuka. Presha ya macho iko sawa, kulia 15, kushoto 16. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho anayeanza. Yule dada akanionyesha kwenye skrini, ni kama tone la maziwa kwenye glasi ya maji. Akasema mwanga wa taa ukifika hapo unasambaa badala ya kupita, ndiyo maduara yangu hayo, na kwamba kwa umri wangu jicho linahitaji mwanga zaidi usiku na linachelewa kupona likipigwa na taa. Nimeandikiwa miwani ya mbali na kurudi baada ya miezi sita.

Kwa hiyo maduara yalikuwa yangu kabla ya mafuta. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa nayafidia: napunguza mwendo, nakodoa, namwomba utingo aangalie kushoto. Usiku ule sikufidia chochote. Nilikuwa mtulivu. Huo utulivu ndio nimekuwa nikiufikiria tangu siku ile, maana nilikuwa na jicho bovu, kioo kibovu, vidonge vya mgongo na kichupa kisichojulikana, na nikajisikia vizuri.

Nilipotoka kliniki jua la mchana lilinichoma hadi nikashika mkono wa kijana mmoja anivushe kwenda kituoni.

Kichupa nimekimwaga chooni. Mpwa nilimpigia, hatukugombana, aliniambia "Mjomba nisamehe, mimi nilitaka upone," na mimi najua ni kweli. Kioo cha mbele kimebadilishwa, tajiri alinuna lakini akatoa hela. Kuhusu usiku nimemwambia ukweli kwamba sitaendesha usiku mpaka miwani itoke na nirudi kupima. Mwenye mzigo kakubali nyanya zilale Ilula, tunapakia alfajiri.

Jana ndiyo nilipita Vigwaza mchana kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Lile lori limeondolewa, limebaki doa la oili kwenye lami. Matawi yalikuwa yamesukumwa pembeni, yamekauka, majani yamekuwa ya kahawia. Nilisimamisha gari. Utingo akashuka akayahesabu, akarudi akaniambia ni manne. Mimi usiku ule niliona moja.